Mapenzi ya Malodi Chini ya Mlima: Nani Alilipa Gharama?

Mswada uliozua mjadala huu una wapenzi wawili ambao mtunzi hakuhitaji kuwabuni. Mwanamume ni Eric Sherbrooke Walker, rubani wa Vita vya Kwanza vya Dunia aliyetunguliwa na kushikwa mateka na Wajerumani. Vita vilipokwisha alijitosa katika magendo ya pombe, akiiingiza Marekani kwa siri wakati vileo vilipopigwa marufuku huko, kwa sababu alitaka kuoa na mfuko ulikuwa mtupu. Mwanamke ni Lady Bettie Feilding, binti wa Earl wa Denbigh. Walioana 1926. Wakaja Kenya, na mwaka wa 1928 wakafungua hoteli ya Outspan mjini Nyeri. Mwaka wa 1932 wakapandisha vyumba viwili vya mbao juu ya mti wa mugumo katika msitu wa Nyandarua, ili wageni walale wakitazama ndovu na vifaru wakinywa maji. Hiyo ndiyo Treetops.

Mhalifu mwenye haiba, binti wa kikabaila, msitu, mlima wenye theluji. Riwaya ya mapenzi ya kihistoria ingetaka nini zaidi? Swali ni kama riwaya hiyo inafaa kuandikwa kwa Kiswahili, Nyeri, leo. Wanaojibizana hapa ni watano: mwandishi chipukizi mwenye mswada, mhariri wa kampuni ya uchapishaji aliyepanda kutoka Nairobi, mwalimu mstaafu wa fasihi kutoka Karatina, kijana anayeongoza watalii kati ya Nyeri na Nanyuki, na bibi mmoja wa Tetu ambaye wote wanamwita Cucu. Wao wamebuniwa kwa ajili ya mjadala. Historia wanayoigombania haikubuniwa.

Mhariri ndiye aliyeanza, na alianza na soko. "Nendeni kwenye vitabu vya mitumba vinavyouzwa kando ya barabara, hapa au Nanyuki au Embu. Mtakuta Mills & Boon zimechakaa kwa kusomwa. Hakuna anayewalazimisha wasomaji. Halafu tamthilia ya Bridgerton ilipoanza kuonyeshwa mwishoni mwa 2020, vijana wetu walikesha wakifuatilia duke wa London ambaye hajawahi kuzaliwa. Sasa hapa tuna Lady wa kweli, aliyeishi mjini humu, na jikoni kwake wamepika watu wa humu. Mnataka hadithi hiyo waendelee kuiuza Waingereza peke yao?"

"Wameshaiuza," alisema Mwalimu. "Walker mwenyewe aliandika habari za magendo yake kwa jina la kubandika, James Barbican. Baadaye, 1962, akaandika kitabu kizima juu ya Treetops. Hawa watu hawajawahi kukosa karani."

Kijana wa utalii hakutaka Walker achukue nafasi yote. Kwake, wapenzi wakuu wa Nyeri ni Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, na mkewe Olave, na kisa chao anakijua kama anavyoijua njia ya kwenda Kiganjo. Walikutana Januari 1912 ndani ya meli iliyoitwa Arcadian. Baden-Powell alikuwa na miaka 54, anakaribia 55. Olave alikuwa anakaribia 23. Na siku yao ya kuzaliwa ilikuwa moja, tarehe 22 Februari. Kabla mwaka huo haujaisha walikuwa wameoana. Uzeeni wakaja kuishi Nyeri, katika nyumba ndogo waliyojengewa kwenye uwanja wa Outspan mwaka wa 1938, wakaiita Paxtu, kwa kukumbuka Pax Hill, nyumba yao ya Uingereza.

"Wageni nikiwapeleka pale makaburini St Peter's," alisema, "hawatazami kwanza jina. Wanatazama ile duara yenye nukta katikati, alama ya skauti ya kusema nimeenda nyumbani. Mzee alifariki tarehe 8 Januari 1941. Olave aliishi miaka mingine thelathini na sita, akafia Uingereza 1977, na majivu yake yakaletwa hapa hapa, akalazwa naye. Mtu asafirishwe kutoka Uingereza akiwa majivu ili alale Nyeri kando ya mumewe, na nyinyi mnaniuliza kama hayo ni mapenzi?"

Cucu alicheka. "Mapenzi ni mapenzi, kijana wangu. Hakuna aliyewanyima."

"Na si hao tu, Cucu. Elizabeth na Philip walilala Treetops usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952. Usiku ule ule babake, Mfalme George wa Sita, akafariki kule Sandringham. Binti alipanda ngazi akiwa mwana wa mfalme, akashuka akiwa malkia bila yeye mwenyewe kujua. Mumewe ndiye aliyemwambia, baadaye mchana, wakiwa Sagana Lodge. Mwaka wa 2010 mjukuu wake William akaja akamchumbia Kate huku huku mlimani, kando ya ziwa Rutundu. Mimi kodi ya nyumba yangu inalipwa na mapenzi ya hawa watu."

Mwalimu hakubisha habari hata moja. Alichokataa ni harufu yake nzuri. "Penye urembo ndipo penye urimbo," alisema, akawavusha wasikilizaji hadi upande wa pili wa Nyandarua, bonde la Wanjohi, ambako Waingereza waliliita genge lao la starehe Happy Valley. Huko ndiko Idina Sackville na Josslyn Hay walikofikia 1924, mwaka mmoja baada ya kuoana. Idina alikuwa kwenye ndoa ya tatu kati ya tano. Josslyn akarithi cheo cha Earl wa Erroll 1928, wakaachana, na baadaye akajiunga na chama cha mafashisti cha Uingereza. Usiku wa kuamkia 24 Januari 1941 alipigwa risasi ndani ya gari lake nje kidogo ya Nairobi, siku kumi na sita tu baada ya Baden-Powell kufariki Nyeri. Sir Delves Broughton, ambaye mkewe Diana alikuwa hawara wa Josslyn, alishtakiwa akaachiliwa. Mpaka leo hakuna aliyewahi kuhukumiwa kwa kifo hicho.

"James Fox akaandika kitabu, White Mischief, 1982," Mwalimu aliendelea. "Miaka mitano baadaye ikatoka filamu. Ni kisa kizuri, sikatai. Lakini hebu fikirieni: watu wazima wanalala mpaka jua la utosi, usiku wanabadilishana wake, na shamba linalimwa. Linalimwa na nani? Katika vitabu vingi vya jamii hii, shamba hujilima."

Hapo mwandishi chipukizi, aliyekuwa kimya akiugeuza mswada wake, aliuliza swali ambalo ndilo lililoubeba mjadala mpaka mwisho. "Mwalimu, sasa mnanishauri nini? Niache kuandika juu ya matajiri?"

"La, binti. Umesoma Kasri ya Mwinyi Fuad?"

Alikuwa ameisoma, kama Wakenya wengi waliopitia Kiswahili chuoni. Shafi Adam Shafi aliichapisha mwaka wa 1978: kabaila wa Zanzibar, mashamba ya karafuu, kasri, na Kijakazi anayemtumikia bwana wake kwa moyo wote huku akidharauliwa. Mwalimu hakutaka kuihadithia. Alitaka tu kuonyesha kwamba Kiswahili tayari kinajua kuingia kasrini, na kwamba kilipoingia kilipitia mlango wa jikoni. "Asiyekuwepo na lake halipo. Ukiniandikia Outspan, nataka kujua ni nani aliyebeba maji ya Lady Bettie ya kuogea, alilipwa ngapi, na usiku alilala wapi. Ukishanijibu, mfanye Walker ambusu mkewe mara mia, mimi nitasoma."

Mhariri alikunja uso. Hofu yake si ya bure, na wachapishaji wengi wanayo: msomaji wa riwaya ya mapenzi amelipa pesa zake apumzike, si afanyiwe somo la historia. "Ukimweka mpishi mwenye manung'uniko katika kila sura," alisema, "umeua mapenzi, na mpishi mwenyewe umemfanya sanamu ya kunung'unika. Je, mpishi hakuwa na mpenzi wake?"

Hilo ni jibu zuri, pengine zuri kuliko alivyokusudia mwenyewe.

Cucu ndiye aliyelipokea. Alianza na mti. Mugumo kwa Wagikuyu si mti wa kuni. Chini yake wazee walitoa sadaka wakielekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya. "Sisemi kila mugumo ulikuwa mahali pa sadaka," alisema. "Nasema mtoto wa huku alilelewa akiuogopa. Halafu anakuja mtu anatia misumari, anapandisha vitanda, na kwa hao wageni inakuwa ni kichekesho kitamu: tumelala mtini. Oktoba ya mwaka ule ule wa malkia, serikali ikatangaza Hali ya Hatari. Mwaka wa 1954 wapiganaji wetu wa Mau Mau wakaichoma hoteli na mti wake. Kwenye riwaya yako, mwanangu, moto huo utakuwa mwisho wa huzuni au wa furaha?"

Mwandishi alikiri kwamba mswada wake unaishia 1952, asubuhi ya malkia.

"Ndiyo," alisema Cucu. "Huishia hapo."

Kisha akawataja wapenzi wake yeye: Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, na mkewe Mukami. Kimathi alizaliwa Tetu mwaka wa 1920. Alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 ukingoni mwa msitu, amejeruhiwa kwa risasi, amevaa ngozi ya chui. Akashtakiwa hapa hapa Nyeri, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Usiku wa mwisho aliandika barua kwa Kiingereza, kwa Padri Marino wa misheni ya Kikatoliki ya Nyeri, akieleza kwamba ni kama saa saba usiku na ameshika penseli na karatasi. Anaomba mwanawe aingizwe shule. Anasema mkewe yumo kizuizini katika Kamiti hiyo hiyo, anatumaini siku moja ataachiliwa, na anaomba masista wamfariji. Mukami aliachiliwa, akaishi mpaka Mei 2023. Miaka hiyo yote aliomba aonyeshwe mifupa ya mumewe ili aizike. Akazikwa yeye Njabini, na mifupa haijaonyeshwa.

Kijana wa utalii alitulia kidogo. Halafu akasema jambo ambalo wengine hawakulitarajia kutoka kwake. "Na Kimathi naye alikuwa Sir."

Ni kweli. Humo msituni wapiganaji walitunukiana vyeo vya kijeshi na vya heshima, na Kimathi alijiandika Field Marshal Sir Dedan Kimathi. Karari Njama, mwalimu aliyekuwa karani wake, ameyaeleza mambo ya vyeo hivyo katika kumbukumbu alizoandika na Donald Barnett na kuzichapisha 1966. Waingereza walimcheka. Lakini yafaa kukumbuka kwamba Baden-Powell mwenyewe hakuzaliwa Lord, alipewa cheo hicho 1929, na Olave babake alikuwa na utajiri wa kiwanda cha pombe. Hata mapema zaidi, John Boyes, mfanyabiashara wa Kiingereza aliyeingia Murang'a 1898, alijitangaza mfalme wa Wakikuyu na kuchapisha kitabu chenye jina hilo 1911. Ukiwatoa wachache kama Lady Bettie na Josslyn, ukabaila wa mlima huu karibu wote ulishonwa na wenyewe, kwa kipimo cha ujasiri wa mshonaji.

"Basi niandike Kimathi na Mukami," alisema mwandishi.

"Polepole," Cucu alimzuia. "Yule mama si mhusika wako. Alifungwa, akalea watoto peke yake, akazeeka akidai kaburi. Ukimtia kwenye kitabu chenye picha ya wapenzi jaladani, wanawe wako hai, watakisoma. P. M. Kareithi aliandika vita vile kwa Kiswahili mwaka wa 1969, Kaburi Bila Msalaba, akabuni watu wake. Alijua alichofanya."

Mhariri alijaribu kukimbilia pwani. Alimkumbuka Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliyetoroka Unguja 1866 akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani Heinrich Ruete, akabatizwa Emily, akaolewa naye Aden mwaka uliofuata, na 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Hicho ni kisa cha kasri chenye kila kitu, na mwenyewe ndiye aliyeshika kalamu. Kilimsaidia mhariri kuonyesha kwamba Afrika Mashariki ina mapenzi ya kifalme bila kuazima ya mtu. Kwa swali la Nyeri, hakikusaidia sana.

Kilichosaidia kilitoka Murang'a, na aliyekileta ni Mwalimu. Karuri wa Gakure alikuwa mtu wa kawaida aliyepanda kwa biashara na kwa urafiki wake na Boyes, mpaka Waingereza wakamtambua kuwa chifu mkubwa. Nyumbani kwake Tuthu ndiko wamisionari wa Consolata walikopokewa 1902. Karuri alikuwa na wake wengi, na hata hivyo safari zake za kupita Weithaga zilimfikisha mara kwa mara kwenye boma la mtu aliyeitwa Makeri wa Mbogo. Hakufuata uji wa Makeri. Alimfuata Wangu, mkewe.

Mwanzoni mwa karne ya ishirini, Karuri akamfanya Wangu kiongozi wa eneo la Weithaga, mwanamke wa kwanza wa Kigikuyu kushika wadhifa kama huo chini ya Waingereza. Mary Wanyoike ameandika wasifu wake, 2002. Wangu alikusanya kodi ya nyumba kwa mkono mzito. Husimuliwa kwamba mwanamume aliyeshindwa kulipa aliinamishwa, naye akamkalia mgongoni kama kiti, akaendelea na shughuli zake. Mwaka wa 1909 aliingia kucheza kibaata, ngoma ya wanaume, pamoja na Karuri, hadharani. Simulizi zinasema nguo zilimvuka. Wazee waliokuwa wamevumilia makalio yake migongoni mwao hawakuvumilia ngoma. Akajiuzulu.

"Kisa hiki nimekifundisha miaka mingi," alisema Mwalimu, "na kila darasa linagawanyika. Wasichana wanataka kujua kama alimpenda Karuri au alikipenda cheo. Wavulana wanataka kujua Makeri alikuwa wapi. Mimi nataka kujua jina la yule mtu aliyeinamishwa."

Mwandishi aliandika jambo pembeni mwa mswada wake. Mhariri alimchungulia, akasema, "Huyu Makeri ni sura nzima."

"Sura mbili," alisema Cucu. "Mume anayejua, na kijiji kinachojua kwamba anajua."

Hapa ndipo gazeti hili linasimama upande mmoja. Kisa cha Wangu na Karuri kinaifaa riwaya hii kuliko cha Walker, na si kwa sababu wapenzi ni Waafrika. Kinaifaa kwa sababu gharama ya mapenzi iko wazi mezani tangu ukurasa wa kwanza: kila zawadi ya Karuri ni kodi ya mtu, na kila kicheko cha Wangu kimekaa juu ya mgongo wa mtu. Mtunzi hawezi kuificha hata akitaka. Kwa Walker na Lady Bettie gharama hiyo ilikuwapo vilevile, ila imefagiwa vizuri zaidi. Anayetaka kuwaandika hao wawili akubali kuitafuta chini ya zulia, na ampe mpishi mapenzi yake mwenyewe, kama mhariri alivyodokeza bila kutaka, ili jikoni nako kuwe na mtu anayesubiriwa, anayedanganywa, anayeogopa kipande chake, kile kitambulisho cha kikoloni, kisipotee njiani akienda kumwona mchumba Othaya.

Kimathi na Mukami waachiwe kwanza wanahistoria na familia yao. Miaka itafika.

Mswada umerudishwa kwa mwenyewe na maagizo mawili: usiishie 1952, na jikoni pawe na jina. Agizo la pili haliwezi kutimizwa maktabani. Vitabu vya hoteli hizi vimejaa wageni, na waliowahudumia wamebaki katika kumbukumbu za nyumbani Tetu, Mweiga, Kiganjo, Naro Moru na Nanyuki, kwa wajukuu waliosikia mambo jioni wakayapuuza. Kijana aliyeajiriwa jikoni Outspan 1940 akiwa na miaka kumi na sita alizaliwa 1924. Leo wa kuulizwa ni watoto wake, nao wana mvi. Kama unamjua mmoja wao, au una cucu au guka aliyewahi kupika, kufua, kutandika vitanda au kushika ngazi katika nyumba hizo, chukua simu yako umrekodi wikendi hii, na uanze kwa kumuuliza alipokutana na mchumba wake.